Uzoefu wangu: seti ya rilei na waya kwa taa ya mbele ya pikipiki

Rilei ni swichi inayoamshwa na umeme mdogo: swichi za pikipiki zinaiamsha tu, na umeme wa taa unatoka betri moja kwa moja kupitia kwayo. Seti hii nimeifunga kwenye pikipiki yenye globu ya H4, wati 60 fulu na 55 dimu, ambayo taa yake inatumia umeme wa betri. Kabla ya kufunga, injini ikiwa inawaka, mita ilisoma volti 13.9 kwenye betri na 11.8 kwenye globu. Volti 2 zilipotelea njiani: swichi ya funguo, swichi ya dimu na fulu, waya mwembamba wa kiwandani, arthi yenye kutu. Sasa globu inapata 13.5. Hapo ndipo faida ilipo, maana volti zikipungua asilimia 10 tu, globu ya uzi inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Globu ni ileile, lakini kwenye njia ya Bahi, huku Dodoma, usiku mkokoteni wa punda usio na kiakisi unaonekana mapema.

Bodaboda nyingi ndogo hazifai kwa seti hii. Taa yake hula umeme wa AC (unaobadili mwelekeo kila mara, tofauti na DC ya betri) moja kwa moja kutoka kwenye magneto, yaani jenereta ya injini: ukiachia mafuta inafifia, ukikoleza inang'aa. Rilei ya kawaida ikipewa AC hutetemeka na kuungua, kwa hiyo pima kwanza kwenye soketi ya globu kama ni AC au DC.

Ndani kuna rilei 2 za 12V 30A, moja ya dimu, moja ya fulu. Waya wa chanya wa betri unapita kwenye fyuzi, unagawanyika kwenda pini namba 30 za rilei zote mbili. Namba 87 ya kila rilei inakwenda kwenye globu. Waya za zamani za dimu na fulu zinaingia namba 86 sasa, kazi yake ikiwa kuamsha rilei tu, na 85 zinakwenda hasi. Rilei yenye dayodi ndani (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) haitaki 85 na 86 zibadilishane. Rilei yenye pini ya ziada ya 87a, pini hiyo iache tupu.

Malalamiko yangu ni mawili. Fyuzi iliyokuja ni ya 30A, wakati globu ya wati 60 inavuta ampea 5 hivi. Waya ukigusana na fremu utayeyuka kabla fyuzi haijakatika. Weka 15A, karibu na betri kadiri inavyowezekana. La pili ni waya wenyewe: ganda nene, shaba kidogo. Kwa waya wao nilipata 13.1 tu, hiyo 13.5 ilikuja baada ya kuweka waya laini wa milimita za mraba 2.5, chanya na hasi. Hasi ya globu ipeleke hadi kwenye betri, usiiamini fremu.

Rilei zifunge chini ya tangi pini zikitazama chini, la sivyo vumbi letu la kiangazi litajaa humo na mvua ya Januari italigeuza tope. Acha waya ulegee kwenye shingo ya usukani, kisha zungusha usukani kushoto na kulia ukiangalia kama unavutika.

Usiongeze globu ya wati 100 kwa sababu tu rilei inaweza kuibeba. Magneto haijaongezeka nguvu, na kioo cha plastiki kitalainika. Ukimaliza, kaa juu ya pikipiki mita 5 kutoka ukutani, shusha taa hadi ukingo wa juu wa dimu uwe sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa. Wanaokuja mbele yako nao wanahitaji kuona.