Shokapu ya steringi kwa VX na mkonga wa zamani: kifaa kizuri, lakini si dawa ya mtetemo

Ingia duka la spea Kariakoo au Gerezani, sema Land Cruiser yako, iwe VX ya 80 au mkonga (hadtopu ya 70) wa zamani, inatetemeka mbele, na shokapu ya steringi itakuwa mezani kabla hujamaliza kujieleza. Inauzika kirahisi: ni kifaa kimoja, fundi anakifunga chapu, na mara nyingi gari linatulia siku hiyo hiyo. Hapo kwenye kutulia ndipo wengi wanapoponzwa.

Shokapu hii ni silinda yenye oili inayozuia fimbo za steringi zisisogee ghafla. Kazi yake ni kumeza kishindo cha shimo au jiwe kisifike mikononi. Haikutengenezwa kushikilia tairi ambalo beringi zake zimelika. Ukiifunga kwenye gari la namna hiyo, mtetemo unajificha, beringi zinaendelea kusagika kimyakimya, na shokapu yenyewe inakufa mapema kwa sababu inafanya kazi isiyo yake.

Kama bidhaa, jenuini na zile za KYB hazina ubishi. Kopi ndizo za kuangalia kwa makini, na upimaji wake unafanyika hapohapo dukani. Ilaze, ivute na kuisukuma mpaka mwisho mara nne au tano, kwa sababu iliyokaa rafuni muda mrefu huwa na hewa ndani. Baada ya hapo ukinzani uwe uleule mwanzo hadi mwisho, kwenda na kurudi. Ukikuta sehemu inayoteleza bure, hata sentimita moja, irudishe. Tazama pia bushi zake za mpira. Kopi nyingi huanza kugonga hapo. Na ukifungua mkanda wake fimbo ikatoka yenyewe, hiyo ni ya gesi. Inasukuma upande mmoja muda wote, na kwenye steringi iliyolegea utaona gari linavuta kidogo. Kwa gari la zamani ya oili tupu inatosha.

Sasa, kabla hujatoa hela, sikiliza mtetemo unakuja vipi. Ukianza kwenye mwendo wa 80 hadi 100, ukawa wa kudumu, kisha ukapungua ukizidisha au ukipunguza spidi, anza na matairi: balansi, rimu iliyopinda, tope lililokauka ndani ya rimu, au tairi la mtumba lililovimba. Kujua umri wa tairi, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Ukija ukikanyaga breki tu, ni diski. Lakini kama gari liko kimya, ukapita tuta au kiungo cha daraja kwenye 60 au 70, halafu usukani ukaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu na hauachi mpaka ukaribie kusimama, hayo si matairi tena, hata kama matairi mabovu ndiyo yanayouamsha. Kuna kitu kinacheza kwenye ekseli.

Kukitafuta hakuhitaji kompyuta. Gari likiwa chini kwa matairi yake na injini inanguruma, mtu mmoja achezeshe usukani kidogo kidogo kwa haraka, mwingine ashike kila kiungo kwa kiganja: tairodi (fimbo za steringi) zote, boksi la steringi pale linapofungwa kwenye chasisi, na kwa gari la koili springi, ile panhadi, fimbo ndefu inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia. Jicho hudanganyika, kiganja hakidanganyiki. Panhadi husahaulika sana: bushi inaonekana nzima, kumbe tundu la bolti limeshakuwa yai.

Kisha piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za habu, kitovu ambacho tairi linazungukia. Ukibaki, ni za kingipini, yaani zile zinazobeba nako (kipande cha mwisho wa ekseli kinachogeuka na tairi ukikata kona), na kwa magari ya umri huu ndizo zinazoongoza.

Ziko nne, mbili kila upande, juu na chini. Kwa kuwa gari muda mwingi linaenda moja kwa moja, rola zake hupiga palepale miaka nenda rudi mpaka zinachimba vijishimo kwenye pete. Ukizitoa, pitisha ukucha utavihisi. Maadui wao wanajulikana. Sili ya ndani ya ekseli ikifa, oili ya difu inaingia, inayeyusha grisi, na unapata uji mweusi unaotiririka kwenye rimu. Ukiona uji huo, usibishane na fundi, fungua. Magari yanayoingia maji ya mafuriko kila masika yaangaliwe mapema zaidi.

Seti ya sili na gasketi ya Toyota ni nzuri na inafaa kununuliwa nzima, ila fahamu kwamba beringi hazimo. Zinanunuliwa peke yake. Chukua za Kijapani kama Koyo, na usome namba iliyochongwa kwenye pete yenyewe. Boksi mtu yeyote anaweza kuchapisha.

Ufundi ndio unaotofautisha gereji. Shimu (vibati vyembamba vya kujazia) za juu na za chini zifungwe zilipotoka, kila upande na zake, maana ndizo zinazoweka nako katikati. Kabla ya kurudisha sili za nje na shafti, tairodi ikiwa imetolewa, fundi anavuta nako kwa mizani ya springi, kama ile ya wachuuzi wa samaki Feri: ianze kugeuka kati ya kilo 3 na 6. Ikigeuka kwa kidole, imelegea, atoe shimu nyembamba. Asiyekuwa na mizani hii anakisia, na kukisia ndiko kunakokurudisha gereji. Dalili ya pili ni nati za habu. Zinafunguliwa kwa soketi ya milimita 54. Ukimwona fundi anazikaza kwa tindo na nyundo, beringi mpya zitakuwa zimebana mno au zimelegea, na vipande vya chuma vitabaki kwenye grisi.

Gari lililoinuliwa lina hesabu yake. Springi za kuinua inchi 2 hupunguza kasta, ule mlalo wa kingipini unaorudisha usukani katikati, hivyo usukani unakuwa mwepesi na hautaki kurudi katikati. Hapo unahitaji bushi za kurekebisha kasta kwenye mikono ya ekseli. Shokapu nene haitasaidia kitu.

Kwa hiyo shokapu inunuliwe lini? Ya zamani ikivuja oili, ikiwa na sehemu inayoteleza bure, au fimbo yake ikipinda. Na inunuliwe baada ya gari kuweza kwenda sawa bila hiyo: itoe upande mmoja, ifunge pembeni kwa waya, zunguka polepole kwenye barabara tupu. Usukani ukitulia, weka mpya. Usipotulia, hela hiyo ielekeze kwenye beringi kwanza. Na nati za mkono wa nako zikazwe upya kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) baada ya kilomita 500 hivi, kwa sababu kwenye VX ya 80 zina tabia ya kulegea, na stadi (bolti zinazoshika nati hizo) ikikatika njiani si usukani tu utakaoupoteza.