Zoladex ya mzee wetu: sindano inafanya kazi, ila macho yachekiwe mapema

Hii ni kuhusu Zoladex ya miligramu 10.8, ile sindano ya kila wiki 12 anayochomwa mzee wetu hapa Dar kwa saratani ya tezi dume. Naandika kwa sababu kila nikitafuta maelezo nakuta watu wanaongelea nguvu za kiume tu basi, macho hakuna anayeyagusa.

Dawa yenyewe sio ya maji, ni kipande kidogo kama punje ya mchele, kinapachikwa chini ya ngozi ya tumbo, na sindano yake ni nene kweli kweli kwa hiyo ombeni ganzi. Kinayeyuka polepole na kuzima testosteroni, homoni ya kiume ambayo saratani hii inaitegemea. Mwanzoni homoni inapanda kwanza ndo ishuke, ndo maana dokta alimtangulizia vidonge vya bicalutamide, vya kuizuia homoni hiyo isiichochee saratani. PSA, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume, imeshuka vizuri, usiku haamki ovyo kwenda kukojoa, hapo sina lawama hata kidogo. Mkinunua famasi ya nje angalieni wanaihifadhi wapi, haitakiwi kuzidi nyuzi joto 25 na joto la Dar mnalijua.

Sasa macho. Jasho la ghafla tuliambiwa, mifupa tuliambiwa, macho hakuna aliyetuambia, na hili limeniuma. Mzee akaanza kusema anahisi mchanga machoni, jioni yanawaka, akikaa karibu na feni machozi yanamtiririka tu, famasi wakampa dawa ya aleji, wapi. Tukaenda kliniki ya macho, daktari dada mmoja mpole sana akamminya taratibu ukingo wa kope ya chini kwa kijiti cha pamba, badala ya mafuta mepesi yanayong'aa yakatoka mazito meupe, na sehemu nyingine hayakutoka kabisa. Akatueleza kwamba kwenye kope kuna vitezi vya mafuta vinavyoitegemea hiyo hiyo homoni ya kiume, ukiizima vinadorora, machozi yanakosa mafuta ya kuyafunika yanakauka upesi, jicho likikauka linajitetea kwa kumwaga maji. Mzee mwenyewe akasema "kumbe!"

Alichopewa ni kitambaa safi cha maji ya moto ya kuvumilika juu ya macho yaliyofumbwa, kama dakika 10 asubuhi na jioni, halafu kukanda kope, ya juu kushuka chini na ya chini kupanda juu, pamoja na matone ya machozi ya bandia yasiyo na kemikali za kuhifadhia. Ameanza kusoma gazeti tena bila kufikicha macho, mimi hiyo kwangu ni kubwa.

Kuna mengine ya kuangalia. Utafiti wa Marekani wa 2012 uliona mtoto wa jicho anajitokeza kidogo zaidi kwa wazee wanaozimwa homoni. Tiba hii pia inaweza kupandisha sukari, na sukari inaharibu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa hiyo mwenye kisukari asikae bila kupimwa macho. Na wanaopewa abiraterone, vidonge vingine vya saratani hii, wanameza na prednisolone, steroidi hiyo ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mtoto wa jicho na presha ya macho, ambayo haiumi, unashtukia uoni umeshapungua.

Dawa naipa nyota 4 kati ya 5, huduma ya maelezo hospitalini nyota 2. Kabla ya sindano ya kwanza ombeni apimwe macho, presha ya jicho na retina, mpate pa kulinganishia baadaye. Macho yakisumbua msikatishe sindano wenyewe, mwambieni dokta wa saratani na wa macho wote wawili, na akiona giza ghafla au vimulimuli vya mwanga msisubiri tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo.