Uzoefu Wangu: Stadi za Gurudumu na Breki za Mbele za Corolla ya 1998

Mwezi uliopita niliipeleka Toyota Corolla yangu ya mwaka 1998 kwa fundi wa gereji moja ndogo ya Ilala, Dar es Salaam, baada ya stadi (bolti zinazofungiwa nati za gurudumu) mbili kati ya nne za gurudumu la mbele kushoto kukatika. Chanzo nakifahamu: mziba pancha alizikaza nati kwa mashine ya upepo bila kuzianza kwa mkono, meno yakaliwa.

Nilikuwa nimeshauriwa kuchomelea bolti kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Fundi alikataa katakata, akanieleza kwamba moto ule hudhoofisha chuma na huweza kuharibu beringi. Alifungua kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski, akaitundika kwa waya ili paipu ya oili ya breki isibebe uzito wake, akatoa diski na kuzigonga stadi za zamani hadi zikachomoka. Kila stadi mpya aliivuta mahali pake kwa kupanga washa zilizopakwa oili, kisha kukaza nati ambayo upande wake bapa uligusa washa, polepole, mpaka kichwa cha stadi kikalala sawasawa nyuma ya habu. Alibadilisha zote nne, kwa kuwa mbili zilizobaki zilikuwa zimebeba mzigo peke yake, nami naona alifanya vyema.

Kilichonishtua zaidi ni breki. Pedi ya ndani ilikuwa imekwisha hadi kukaribia chuma, ilhali ya nje ilikuwa bado na zaidi ya nusu, kwa sababu pini moja ambayo kalipa huteleza juu yake ilikuwa imeganda kwa kutu. Aliisugua kwa msasa laini hadi ikateleza kwa kusukumwa na kidole, akaipaka grisi inayostahimili joto, kisha akapima unene wa diski na kuulinganisha na kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye diski yenyewe. Tulifunga pedi mpya magurudumu yote mawili ya mbele, tukaweka oili mpya ya breki ya daraja la DOT 3 na kutoa upepo kwenye paipu za breki, mimi nikikanyaga pedali kila aliponiambia.

Upungufu ninaouona ni kwamba gereji haina spana ya kupimia nguvu ya kukaza; niliazima ya jirani yangu, nikakaza nati kwa Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza) zilizowekwa na Toyota. Gari haivuti tena kulia ninapofunga breki. Baada ya kilomita 80 nilizikagua nati upya, na moja ilikubali kukazwa robo mzunguko zaidi.