Kilwa Kisiwani kwa mashua ya abiria: kama unaandika, lipa hii nauli

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asome hapa aondoke: kama wewe unaandika, iwe hadithi, mchezo wa redio, skripti za hizi tamthilia za kwenye visimbuzi au hata stori za kuuza WhatsApp kipande kwa kipande, safari ya Kilwa Kisiwani, kile kisiwa cha magofu ya kale huko pwani ya kusini, inalipa, ila panda mashua ya abiria sio boti ya kukodi, na ulale Kilwa Masoko, mji wa upande wa bara unaotazamana na kisiwa, maana ukienda kwa staili ya asubuhi na kurudi jioni utarudi na picha tu, na picha za Kilwa zipo kibao mtandaoni nzuri kuliko utakazopiga wewe na simu yako.

Kufika kwenyewe sitakuchosha. Basi unapandia Dar, upande wa Mbagala, ni zaidi ya kilomita 300 mpaka Kilwa Masoko, lami yote. Mto Rufiji unavukwa juu ya Daraja la Mkapa, lilifunguliwa 2003, mzee niliyekaa naye siti moja akawa ananisimulia enzi za kivuko, kwamba mvua ikikolea mnalala ng'ambo mnasubiri maji yapungue, mnapika, mnafahamiana, "wengine wameoana pale pale" akasema, sijui kama ni kweli lakini nikaitoa kalamu. Nangurukuru basi linakata kushoto kuelekea pwani na hapo ushafika.

Gesti niliyolala sitaitaja jina, ila wenye hizi gesti jirekebisheni jamani. Kwenye simu niliambiwa chumba kinaangalia bahari na picha nikatumiwa. Nafika, dirisha linaangalia simtanki na ukuta wa jirani, bahari ipo kweli lakini mpaka upande juu ya ndoo kule bafuni. Neti ina tundu la kupita popo. Sasa kilichoniokoa ni mama anayepika pale, supu yake ya pweza asubuhi na chapati ya moto, halafu ndo yeye aliyenipa habari ambayo hakuna programu ya simu ingenipa, akaniambia mwanangu usikimbilie kuamka na haraka zenu za mjini, kesho maji yanajaa saa nne, kabla ya hapo hata ukifika gatini utakaa tu. Mi nimekulia Dodoma, maji nayajua ya bombani, yakija yamekuja yakikatika yamekatika. Kupanga siku nzima kwa kufuata kupwa na kujaa ilikuwa ni mara ya kwanza, na nakwambia ukishaipanga siku yako hivyo hata sentensi unazoandika zinabadilika spidi.

Kibali unachukua Masoko kabla ya kuvuka, usijaribu kwenda bila kibali, magofu yale ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981. Beba kitambulisho, Mtanzania analipa tofauti na mgeni wa nje.

Haya, mashua. Hii huduma haina ratiba ya saa, ratiba yake ni maji na watu. Kisiwa kipo hapo tu unakiona, mkondo wenyewe ni kama kilomita mbili, lakini nahodha haondoki mpaka aone imejaa, kwa hiyo unakaa mchangani na wenzio. Mtu wa boti ya kukodi hii sehemu anairuka, analipa, injini inawaka, dakika chache yuko ng'ambo na kofia yake. Mi naona huyo amelipa hela nyingi zaidi akapata kidogo. Kwa sababu pale mchangani ndo nimeona jamaa anabishania nauli ya godoro, je godoro ni mzigo au ni abiria, maana likilazwa linachukua nafasi ya watu wawili na likisimamishwa linashika upepo kama tanga la pili, na nahodha anasikiliza hoja zote kwa utulivu kama hakimu wa mwanzo, mwishowe akaamua godoro lilipe nusu nauli na mwenye nalo akae juu yake. Kuna vifuko vya saruji, kreti za soda, kuku wamefungwa miguu, kijana anafua maji, yaani anayatoa nje ya mashua, kwa kidumu kilichokatwa, kimya kimya, hajamaliza tumbo la mashua upande huu yanaingia upande ule.

Pembeni yangu alikuwepo bibi mmoja, simu ameitia kwenye nailoni akaifundika kwenye pindo la kanga, fundo gumu kweli. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umetokea wapi?"

"Dodoma."

"Huko kuna bahari?"

"Hakuna bibi."

Akafikiri kidogo. "Sasa mkigombana majumbani, mtu anakwenda kukaa wapi?"

Wadau, hiyo sentensi moja imenirudishia nauli ya basi, ya mashua na ya ile gesti ya simtanki. Nimehangaika wiki nyingi na mhusika wangu mmoja wa kike, mke wa mvuvi, kila nikimfungua mdomo anaongea kama mtangazaji wa mapishi. Sikuwahi kuwaza bahari kama mahali pa kwenda kukaa ukikasirishwa. Kwetu ukikasirika unaenda kwa shangazi. Na kitu kama hicho huwezi kukitafuta mtandaoni kwa sababu hujui kama kipo, ungeandika nini pale kwenye kutafuta?

Kuvuka kwenyewe raha tupu. Foromali, ule mti unaoshika tanga, inapandishwa, tanga linajaa, injini hakuna, unasikia maji yanapita chini ya ubao na watu wanaendelea na mazungumzo yao ya harusi na mikopo. Ile kauli ya watu wa bara kwamba watu wa pwani wanapenda kukaa tu, njoo uangalie mtu anavyoishika hiyo kamba ya tanga akipiga bisho, yaani akikata kona kona dhidi ya upepo, na saruji za watu ndani, halafu urudie hiyo kauli kwa sauti. Maboya wengi hawakuwa wamevaa, mi nililiomba nikapewa, liombe na wewe, hakuna wa kukucheka.

Ng'ambo nilipata kijana wa kunitembeza, mwenyeji wa kisiwa, amezaliwa pale. Huyu nampa alama za juu na malalamiko mawili. La kwanza, Gereza, ile ngome ya zamani, kakaa nalo mno, najua ndo lipo karibu na unaposhukia na ndo watu wanapopiga picha, na historia yake anaijua, Wareno walipovamia 1505 wakajenga ngome, hili jengo linaloonekana sasa ni la baadaye, la enzi za Waomani. Sawa. Lakini tukaja kufika Husuni Kubwa jua limewaka na yeye anaangalia maji, ikawa twende twende, na Husuni Kubwa ndo pa kukaa! Kasri lipo juu ya genge la mwamba linatazama bahari, karne ya 14, vyumba zaidi ya 100, na lile birika la pembe nane, unasimama ukingoni unajiuliza nani aliwaza kuoga kwenye pembe nane. Mwambie mapema aanzie huko. La pili ni kwamba msikiti mkuu alinipa hotuba ya kukariri, ukimkatiza anaanza tena mwanzo, ila nikamwomba anyamaze kidogo nikakaa mwenyewe chini ya vile vikuba na nguzo za matumbawe, akanyamaza bila kununa, nikamheshimu.

Alama za juu kapata kijijini. Kisiwa kina watu, sio makumbusho, ukuta wa karne na karne upo hapa, hatua mbili mama anakandika nyumba yake udongo, watoto goli lao ni jiwe la mtawala fulani. Njiani akaona kigae cha kijani, vile vyombo vya China vya zamani, akanionyesha, mi nikainama, yeye akakifukia tena kwa kidole gumba cha mguu huku anaendelea kuongea, hata hakuangalia chini. Kuokota hairuhusiwi, lakini ile namna ya kukirudisha kwa mguu, kama mtu anayefunga kabati la nyumbani kwao, nimeiandika usiku ule ule.

Halafu tukamzungumza Ibn Battuta, yule msafiri wa kale, maana huyo ndo mteja wa kwanza maarufu wa safari za huku. Mtu wa Tangier, Moroko, aliondoka kwao 1325, Kilwa akafika 1331 na upepo wa kaskazi, akatokea Mogadishu na Mombasa. Akausifu mji kwamba ni katika miji mizuri kabisa. Sasa ona: kasema nyumba ni za mbao na mapaa ya matete, na sisi tumesimama kwenye mawe! Nikamuuliza kijana, akajibu bila kukariri safari hii, kwamba mawe ni ya sultani na matajiri, wengine walikaa kama tunavyokaa sisi, akanyoosha mkono kwenye makuti ya kijijini. Sijui wanahistoria wangemjibu nini ila mi nilipenda.

Na kilichobaki kwenye kitabu cha Ibn Battuta sio vipimo vya majengo, ni visa. Sultani wa wakati ule, al-Hasan bin Sulaiman, huyo huyo wa Husuni Kubwa, walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Kuna fakiri wa kutoka Yemen kamkuta anatoka swala ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, hizo hizo za mwilini, sultani akarudi ndani akavua akampa. Mtoto wake akaenda kuzikomboa kwa watumwa kumi. Baba aliposikia watu wanavyosifia akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipokufa akatawala ndugu yake Dawud, yeye akija mwombaji anamwambia mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Umeona tamthilia hiyo? Ina ukarimu, ina mtoto mwenye akili ya biashara, ina ndugu bahili, na ina wale watumwa ishirini ambao msimuliaji anawahesabu pamoja na pembe wala hasemi hata jina la mmoja, na mi nikiiandika leo nitaanzia kwao. Hicho kisa kakisimulia Moroko zaidi ya miaka 20 baadaye, anayeandika ni Ibn Juzayy, wakamaliza 1355. Miaka yote hiyo kakumbuka pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa alizolishwa Mogadishu, na ndimu za achari. Tumbo lina kumbukumbu, kwa hiyo ukisafiri kula vya watu, usibebe biskuti.

Na msiniambie kuandika safari ni mambo ya wageni. Selim bin Abakari alifika Urusi na Siberia 1896 na akaandika safari yake kwa Kiswahili, imechapwa 1901. Siberia! Sisi tunaogopa kwenda Lindi.

Kilichonikaa kichwani zaidi ni sarafu. Wale masultani walipiga sarafu zao za shaba, moja ya huyo al-Hasan imekutwa Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe, kule dhahabu ilikotoka, na nyingine za Kilwa ziliokotwa 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zilifikaje mpaka leo watu wanabishana. Sasa we umekaa hapo juu ya jiwe, kisiwa hakina hata gari, mtandao unashika upande mmoja, na unaambiwa hela ya hapa ilifika Australia. Mimi shuleni ramani nilichorewa Kilwa ikiwa pembeni kabisa, kidoti. Ukiwa pale unaona ni Dodoma ndo ilikuwa pembeni, na Dar ilikuwa haijazaliwa. Niliporudi kwenye mswada wangu nikafuta ukurasa mzima ambao mhusika "anaenda mjini", kwa sababu kwa mtu wa pale mjini ni wapi? Inategemea unauliza mwaka gani.

Isikufae kwa nini? Kama unataka ufukwe wa kulala na glasi yenye mwavuli sio huku. Kama magoti yanasumbua fikiria mara mbili, maana maji yakiwa yamekupwa mashua haifiki nchi kavu, unashuka kwenye maji na kutembea, na nahodha hakubebi mgongoni kama hujaelewana naye. Kivuli kidogo, jua kali, maji ya kunywa toka nayo Masoko. Wadada, kuna misikiti na kijiji cha watu wenye heshima zao, beba kanga, utaitumia pia kwenye upepo, kwenye jua na kukalia. Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu, nayo ni nzuri naambiwa, ila ni mbali zaidi na hiyo mashua ya abiria niliyopanda haiendi, kwa hiyo sitaipa nyota nisiyoijua.

Nyota: mashua tano, kijana wa kutembeza nne, supu ya pweza tano, gesti moja na hiyo moja ni ya yule mama. Hela beba taslimu na chenji ndogo ndogo, daftari litie kwenye nailoni kama simu ya bibi. Halafu nahodha akikwambia tunaondoka sasa hivi, acha soda yako nusu uondoke, maji hayajui kama ulikuwa unamalizia aya.