Begi la mitumba na sponji mbili: uzoefu wangu wa kulala Barafu kwa bei ya mgumu

Mimi ni mgumu, yaani mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Huu ni msimu wangu wa tano, na vingi nitakavyovitaja hapa nimevilipia mwenyewe, na vyote nimevilalia mwenyewe. Mgeni aliyekuja na begi jipya la kulalia la manyoya la bei ya pikipiki hana shida yetu. Nawaandikia wenzangu wanaoanza kazi, na vijana wa Dar wanaojipanga kupanda Desemba huku wakijiuliza kama shuka la Kimasai na koti zito vinatosha. Havitoshi.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa njia ya Lemosho, na kampuni niliyoanza nayo, ambayo siitaji, ilinipa begi la kulalia. Lebo ilisema nyuzi sifuri, nikajiona nimepata. Kambi ya kwanza, Mti Mkubwa, nililala fofofo. Shira nikaongeza koti. Tulipofika Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, karibu mita 4,670, nilivaa kila nilichobeba: soksi jozi mbili, mzula, glavu, suruali juu ya suruali. Saa sita usiku wenzetu wawili wakaondoka na wageni kwenda kileleni, hema la watu wanne likabaki na sisi wawili, na joto lote likaondoka nao. Kuanzia saa nane meno yalikuwa yanagongana. Kitu kimoja kilinishangaza: kifuani na tumboni sikuwa na baridi ya kutisha. Baridi ilikuwa inapanda kutoka chini, kwenye nyonga, bega na kisigino, pale pote panapogusa ardhi. Chini yangu kulikuwa na turubai la hema na gunia la viazi nililolikunja mara mbili.

Mzee mmoja mpishi aliniuliza asubuhi, "Umelalia nini?" Nikamwonyesha begi. Akasema, "Hilo umejifunika. Nimekuuliza umelalia nini."

Ilinichukua misimu miwili kumwelewa mzee yule.

Kwanza tupige hesabu ya baridi yenyewe, maana wengi hukisia tu. Hewa hupoa kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000. Moshi mjini tuko kwenye mita 800 hivi. Kutoka hapo hadi Barafu ni kama mita 3,870, kwa hiyo toa nyuzi 23. Usiku wa Julai ambao Moshi ni nyuzi 16, Barafu utakuta nyuzi 7 chini ya sifuri, na hapo upepo bado hujauhesabu.

Sasa lebo. Begi la Ulaya lililopimwa kwa kanuni zao (zamani EN 13537, siku hizi ISO 23537) huwa na namba tatu, na muuzaji atakusomea ile inayomfaa yeye. Namba ya kwanza ni ya starehe: joto ambalo mwanamke wa kawaida analala amejinyoosha bila kusikia baridi. Ya pili ni ya ukomo: mwanaume amejikunja, anapitisha muda wa saa nane bila kuamshwa na baridi. Ya tatu, ile kubwa ya kutisha, ni ya kutokufa. Mtu anavumilia muda wa saa sita asife kwa baridi, ila vidole anaweza kuviacha hukohuko. Soma ya kwanza tu. Na kuna jambo lingine ambalo lebo haikwambii: sanamu wanayoitumia kwenye kipimo huvalishwa nguo za ndani na kulazwa juu ya godoro la kambi. Godoro limeshahesabiwa humo. Ukilalia gunia la viazi, namba zote tatu ni hadithi.

Msimu wa pili nikaamua kununua langu. Nilikwenda Memorial, soko la mitumba la Moshi, Jumamosi asubuhi, siku ambayo mabelo yanafunguliwa, na kwa dada mmoja anayeuza makoti nikaona kitu cha bluu kimebanwa chini ya majaketi kama mkate uliokaliwa. Lebo ya Kijerumani imefifia, ila namba zinasomeka: starehe 2 juu ya sifuri, ukomo 4 chini, na ile ya kutokufa 20 chini. Dada akaishika hiyo ya mwisho kwa furaha: "Mangi, hii mpaka nyuzi ishirini chini! Elfu tisini." Nikamwambia hiyo ishirini ni ya maiti. Akacheka, tukaanza upya.

Begi la mitumba ukiliona usilipime kwa unene wa pale pale, maana limebanwa miezi. Mimi nililikung'uta, nikalitandaza juu ya meza ya jirani yake anayeuza viatu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi baada ya nusu saa lilikuwa limevimba kwenye kifua na miguu, lakini mgongoni lilikuwa bapa. Nikalinyanyua kuelekea jua. Ukiona vyumba vya manyoya vina giza sawasawa, ni zima. Ukiona madirisha ya mwanga, hapo manyoya yamehama au yametoka. Langu lilikuwa na madirisha mawili. Kisha nikakagua mishono. Kwenye mabegi ya bei rahisi uzi hupita moja kwa moja kutoka kitambaa cha nje hadi cha ndani, na pale uzi ulipopita hapana manyoya kabisa, ni mstari wa baridi tangu bega hadi bega. Begi zuri lina ukuta mdogo wa kitambaa katikati. Ingiza vidole viwili, kimoja ndani kimoja nje, utausikia. Zipu niliifungua na kuifunga mara tatu. Nilinusa pia, la uvundo liache hapohapo hata kama ni bure, kwa sababu manyoya yakishaoza hakuna sabuni itakayoyarudisha. Tukafunga biashara kwa elfu hamsini na tano, kwa sababu ya yale madirisha. Lina kilo moja na nusu hivi, kwetu jambo kubwa, maana mzigo wa kampuni unaopimwa getini unafika kilo 20, na vitu vyako binafsi vinakuja juu ya hapo.

Je, manyoya ya bata au poliesta? Kwa uzito na kubanika, manyoya hayana mpinzani. Kwa mvua, poliesta. Manyoya yakilowa yanashikana kama kuku aliyechovywa maji ya moto, na joto linakwisha. Poliesta ikilowa bado inabakiza joto kiasi. Anayefanya kazi masika, Machi hadi Mei, ningemshauri poliesta na avumilie uzito. Mimi nilichukua manyoya na mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, na tangu hapo begi halijawahi kulowa kwa mvua. Lililowa kwa ujinga wangu, nitafika huko.

Nikalipeleka Barafu kwa majivuno. Nyonga ikaganda vilevile.

Hapo ndipo maneno ya mzee yaliponiingia. Manyoya yanapasha kwa sababu yamevimba na kushika hewa. Ukiyalalia yanakuwa karatasi. Upande wa chini wa begi lolote, la elfu hamsini au la milioni mbili, haufanyi kazi. Kazi ya chini ni ya godoro.

Jaribio la kwanza lilikuwa kipande cha godoro la nyumbani, inchi mbili, nilichokatiwa na fundi makochi. Kiliniburudisha usiku mmoja. Siku ya pili mvua ilitukuta tukishuka Barranco, na sponji ile kazi yake ni kunywa maji: nilikikamua kama kitambaa cha kuoshea vyombo na bado kilikuwa na uzito wa mtoto. Nikakiacha kwenye taka zinazoshushwa Mweka. Jaribio la pili lilikuwa la kupuliza, zawadi ya mgeni. Tamu ajabu, usiku mmoja. Mawe ya Barafu ni vipande vyembamba vyenye makali, na saa tisa usiku nilikuwa chini, nimezungukwa na plastiki.

Kilichonifaa ni sponji ngumu isiyonywa maji, ile yenye mabonde kama trei la mayai, inayokunjwa kama kinanda cha kuvuta. Niliikuta Memorial kwa elfu kumi na tano, imechakaa kona. Nguvu ya godoro kuzuia baridi hupimwa kwa namba inayoitwa R, na sponji ya aina hii huwa na karibu 2. Uzuri wa namba hii ni kwamba inajumlishwa: weka moja juu ya nyingine, unapata 4. Msimu uliofuata mgeni aliniachia ya pili. Kambi ya Karanga nililala na moja, nikaamka mara mbili kugeuka. Kesho yake Barafu, palepale pa juu na baridi zaidi, begi lilelile, nikaweka zote mbili. Nikaamshwa na mpishi akigonga sufuria. Mkono wangu ulikuwa nje ya begi.

Kwa hiyo ukiwa na elfu sabini tu, usiimalize kwenye begi. Nunua sponji kwanza, halafu begi la hela iliyobaki. Na kabla hujanunua chochote, mgumu mwenzangu, pita ofisi za Kilimanjaro Porters Assistance Project pale Moshi. Wanaazimisha wapagazi nguo na vifaa vya mlimani bila malipo. Mimi nilikuja kujua nikiwa nimeshatoa zangu.

Niliongeza kitu kimoja tu baadaye: blanketi la flisi la mitumba, elfu nane, na fundi cherehani akalishona kama foronya ndefu kwa elfu nne. Naliingiza ndani ya begi. Linaongeza joto kidogo, ila faida yake kubwa ni kwamba jasho na vumbi vinabaki kwenye flisi, ambayo naifua kila nikishuka. Maji ya moto pia yanasaidia, kwenye chupa ngumu iliyovalishwa soksi na kuwekwa katikati ya mapaja. Chupa laini ya maji ya dukani usijaribu, itajikunja na kukumwagia. Mkojo usiubane. Na usipumulie ndani ya begi hata pua ikiganda, kwa sababu unyevu wote unaingia kwenye manyoya. Vaa mzula, acha pua nje. Asubuhi Shira jua likitoka, ligeuze begi ndani nje juu ya jiwe kwa dakika ishirini wakati mnakunywa uji.

Sasa ule ujinga. Mwisho wa msimu wa tatu nililifua begi lenyewe kwa sabuni ya unga, kwenye beseni, kama jinzi. Sabuni kali inaondoa mafuta ya asili ya manyoya. Nilipolinyanyua likiwa na maji, mshono wa ndani mmoja ukakatika kwa uzito. Likakaa kambani siku nne, limejaa mabonge, jirani akipita anauliza, "Kaka, bata hajaiva tu?" Niliyavunja mabonge kwa vidole, moja moja, jioni tatu mfululizo. Limerudi, lakini si lile la zamani; madirisha sasa ni manne. Ningetumia sabuni laini kidogo sana, nilisuuze mara nyingi, na kulibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Nikiwa nyumbani silibani. Linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, limevimba kama mgeni, na mama yangu Juni akisikia baridi analishusha bila kuniuliza.

Zipu ya mwanzo ilikufa Januari. Fundi ameweka ya koti, nyekundu, elfu sita, inafunguka upande mmoja tu. Ukijumlisha yote, nimetumia elfu themanini na nane kwa misimu minne. Kuna mwenzangu anapanda wiki ijayo na ananisumbua nimuuzie vyote kwa elfu sabini. Begi tunaweza kuzungumza. Sponji hapana.