Huduma za kutafuta simu iliyopotea: ipi uanze nayo ukiwa Mtwara au Lindi

Pesa za mnada wa korosho zilipoingia, shangazi yangu wa Newala alinunua simu yake ya kwanza ya tachi. Muuzaji akamfungulia akaunti ya Google palepale dukani, akamwekea WhatsApp, akamkabidhi. Haikutimia hata mwezi, simu ikadondoka akiwa kwenye bodaboda akitokea Kitangari. Akaazima simu ya jirani akanipigia.

"Shikamoo shangazi. Imeli yako ni ipi?"

"Marahaba mwanangu. Imeli ndiyo nini? Vyote alifungua yule kijana wa dukani."

Kijana wa dukani naye hakukumbuka. Siku ile alikuwa amefungulia watu wengi. Na simu ilikuwa inaita. Tuliipigia mpaka usiku, ikaita tu, asubuhi ikawa imezima. Muda wote ule ilikuwa hewani na tungeweza kuiona kwenye ramani, lakini hatukuwa na neno la siri. Jambo lile liliniuma, na ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Nimezipanga huduma hizi kwa kuangalia kitu kimoja: itakufaa nini wewe uliye Tandahimba, Nachingwea au Mikindani, siku simu imepotea na pengine haina bando? Zilizo bora ni za bure na tayari zimo ndani ya simu yako, kwa hiyo anayekwambia ulipie kwanza ana lake.

Ya kwanza: Find Hub ya Google

Inashika namba moja kwa sababu Tecno, Infinix, itel, Redmi na Samsung zote ni Android, na huku kwetu ndizo zimejaa. Zamani iliitwa Find My Device. Jina likabadilika 2025. Nenda kwenye Mipangilio, gusa Google, itafute humo, uiwashe. Hakikisha na huduma ya mahali imewashwa.

Wengi huishia hapo, na kwa sisi wa Kusini hapo hapatoshi. Tangu 2024 Google inatumia simu za watu wengine kutafuta simu isiyo na intaneti: simu yako inatoa ishara ya Bluetooth, simu ya Android ya mpita njia inaidaka na kupeleka taarifa bila mwenyewe kujua. Inahitaji Android 9 au zaidi. Tatizo ni kwamba simu inakuja imewekwa kutumia njia hiyo kwenye maeneo yenye watu wengi tu, maana inasubiri simu kadhaa ziione ndipo ikuonyeshe. Pale sokoni Mtwara mjini hilo halina shida. Lakini njia ya shambani, ambako kwa saa nzima anapita mtu mmoja na baiskeli, utasubiri sana. Ingia kwenye kipengele cha kutafuta vifaa vilivyo nje ya mtandao, uchague kinachoruhusu maeneo yote. Ni mguso mmoja tu, na kwa mtu wa kijijini ndio wenye maana kuliko mingine yote.

Kuna na kuiita. Ukibonyeza cheza sauti, simu inalia kwa sauti ya juu kabisa kwa dakika tano hata kama uliiweka kimya, mradi imewaka na inapata mtandao. Niliona kazi yake ghalani Masasi. Karani alikuwa amepoteza simu wakati magunia yanashonwa, na ilikuwa kimya. Aliikumbuka imeli yake na neno la siri, akaingia kama mgeni kwenye Find Hub ya simu yangu. Tukanyamaza. Sauti ikatokea ndani ya gunia lililokwisha kushonwa, la tatu kutoka chini. Wapagazi wakashusha ya juu, mshono ukafunguliwa, simu ikatoka kwenye korosho ikiwa bado inalia.

Udhaifu wake uko kwenye uthibitisho wa hatua mbili. Ukiingia kwenye simu ya mwenzako, Google inaweza kukutumia namba ya kuthibitisha, na namba hiyo inaenda kwenye laini iliyopotea. Dawa ni zile namba za akiba: kwenye usalama wa akaunti yako Google inakupa 10, kila moja ina tarakimu 8. Ziandike kwenye karatasi uiache nyumbani.

Ya pili: Find My ya Apple

Kama una iPhone, kwako hii ndiyo ya kwanza, hakuna mjadala. Nimeiweka ya pili kwa sababu tu wenye iPhone huku ni wachache. Kuanzia iPhone 11, simu inaweza kuonekana hata ikiwa imezimwa. Ukiingia icloud.com/find kwenye simu yoyote, neno la siri linatosha kuitafuta, hakuna namba inayotumwa kwenye laini uliyopoteza. Na ile kufuli ya Apple, iliyoanza 2013, inamfanya mwizi abaki na kioo na betri tu: hata akiifuta simu, itadai akaunti yako.

Mwizi analijua hilo, ndiyo maana baada ya siku chache unaweza kupata ujumbe kwamba simu yako imepatikana, fungua kiungo hiki uandike neno la siri. Usifungue. Usimpe mtu yeyote namba ya kuthibitisha, hata akijitambulisha kuwa ni askari.

Ya tatu: ya Samsung

Usiichukue badala ya Google, iongeze juu yake. Inataka akaunti ya Samsung. Faida yake ni kwamba chaji inapokaribia kuisha, simu inaweza kutuma mahali ilipo, na ukiwa mbali unaweza kuibana simu itumie chaji kidogo ili idumu zaidi. Kwa mtu aliyesahau simu kwenye basi la Dar, safari ya kilomita zaidi ya 500 kutoka Mtwara, hilo si dogo. Xiaomi nao wana ya kwao. Iwashe kama una Redmi, ila usiitegemee peke yake.

Za kununua

Vitufe vya kufunga kwenye funguo au begi, kama AirTag ya Apple au SmartTag ya Samsung, ni vizuri kwa funguo na begi. Havifungi simu wala havifuti data. Pia AirTag inaendeshwa na iPhone na SmartTag na Galaxy, kwa hiyo mwenye Tecno atafute chenye kukubali Find Hub. Navyo vinategemea simu za wapita njia, kwa hiyo Shangani vitakufaa kuliko Msimbati.

Programu za kulipia kama Prey zinafaa ofisi yenye kompyuta na simu nyingi. Kwa mtu mmoja sioni haja.

Za mwisho kabisa, na naomba uzikimbie, ni zile zinazotangaza kuwa zitakuonyesha mtu alipo ukiandika namba yake tu. Hakuna programu ya mtaani yenye uwezo huo. Mwenye kuona laini iko mnara gani ni kampuni ya simu. Utakachopata ni kupoteza pesa na majina yote ya kwenye simu yako.

Siku ikipotea

Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, wafunge laini na akaunti ya pesa. Hilo litangulie hata ramani. Kisha ifunge simu kupitia Find Hub au Find My, ndipo uitafute. Kwenye Android usikimbilie kufuta data, kwa sababu ukishafuta, Find Hub haiioni tena. Futa pale tu ulipokata tamaa. Ramani ikikuonyesha nyumba, usiende peke yako. Alama ile inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kwenye mitaa yetu iliyobanana mita kadhaa ni kwa jirani asiye na kosa. Nenda polisi na IMEI, ile namba ya tarakimu 15 unayoipata kwa kupiga *#06#. Iandike leo, na boksi la simu na risiti usivitupe.

Ukinunua simu iliyokwisha kutumika kwa mtu, mwambie aondoe akaunti yake ukiwa unaona, kisha airudishe kama mpya. Ikidai akaunti ya zamani, rudisha simu yake, chukua hela yako. Na dukani usikubali kufunguliwa akaunti bila wewe kuchagua neno la siri na kuliandika kwa mkono wako. Mtakaa dakika kumi zaidi, mkae.

Shangazi alinunua nyingine. Safari hii tulikaa wote mkekani, imeli akaisema mwenyewe, neno la siri akaliandika nyuma ya daftari lake la kikoba, chini yake IMEI. Niliporudi Mtwara nikaingia kwa akaunti yake, nikaiita. Baada ya muda akanipigia: imelia, alikuwa ameiweka kwenye kabati chini ya khanga.