Bima ya mifugo kwa satelaiti kaskazini mwa Kenya: inalipa nini, inakosea wapi

Bima hii ilianza kuuzwa Marsabit Januari 2010, ikiwa imebuniwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI pamoja na washirika wake. Hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Satelaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo zima, kisha msimu hulinganishwa na misimu ya miaka ya nyuma ya eneo hilohilo. Ukijani ukishuka chini ya kiwango cha mkataba, wote waliojiandikisha hapo hulipwa, wawe wamepoteza mnyama au la.

Mkataba wa mwanzo ulikadiria vifo, na fidia ya kwanza ilitoka Oktoba 2011, ukame ukiwa umeshaua. Uliofuata hulipa malisho yanapokosekana, ili mfugaji anunue nyasi, maji na dawa wanyama wakiwa bado wamesimama. Kwetu hili ndilo badiliko lililoipa bima hii thamani.

Hesabu hufanywa kwa vizio: ng'ombe 1 ni kizio 1, ngamia 1 ni 1.4, mbuzi au kondoo 10 ni kizio 1. Mwenye ngamia 2, ng'ombe 1 na mbuzi 12 ana vizio 5 kamili. Hivyo 5 ndivyo serikali ilivyomlipia ada kila mfugaji iliyemchagua, mpango wake wa bima ya mifugo, KLIP, ulipoanza Turkana na Wajir mwaka 2015. Kwa familia maskini ulikuwa uamuzi mzuri. Tatizo ni kwamba asiyelipa ada mara nyingi haelezwi masharti, na fidia isipokuja huona amenyimwa msaada.

Udhaifu mkubwa uko kwenye kipimo chenyewe. Satelaiti huona kijani. Haijui kama mbuzi anakula. Mathenge hubaki na majani wakati nyasi zimekwisha, kwa hiyo eneo lililovamiwa na mti huo linaweza kuonekana salama huku ng'ombe wakidhoofika. Maeneo nayo ni makubwa: mvua ikinyesha upande mmoja, wastani hupanda na waliokauka upande wa pili hukosa. Ukihamisha mifugo, bima haikufuati, hubaki kwenye eneo ulilojiandikishia. Ugonjwa na wizi wa mifugo haviguswi kabisa.

Dirisha la kununua hufunguliwa kabla ya mvua, kwa kawaida Januari hadi Februari na Agosti hadi Septemba, kwa hiyo ukingoja mawingu yakatae utakuta limefungwa. Mwulize wakala jina la eneo lako, kiwango kinachoanzisha malipo na mwezi wa kulipa, akuandikie. Kagua pia kwamba namba ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Majina yasipolingana, fidia inaweza kukwama hata eneo lako likiwa limestahili.

Kwa mwenye mifugo michache asiye na akiba, tunaipendekeza, ila asikatie bima kundi zima: aanze na majike wanaozaa na kutoa maziwa.